Maji Yasiyo na Kitu

Kabla hamjaniuliza, hapana, sitengenezi sabuni. Sipimi asali kama imechanganywa na sukari ya dukani, sina dawa ya kufukuza fuko shambani, na siwezi kumwambia jirani yangu kwa nini ng'ombe wake amepunguza maziwa tangu alipobadilishiwa chumvi. Nilifundisha kemia chuo kikuu mpaka nywele zikawa nyeupe, nikastaafu, nikarudi huku upande wa Chepilat kukaa na ng'ombe wangu na majani yangu ya chai. Bado haipiti wiki bila mtu kusimama langoni ameshika chupa. "Profesa, hebu angalia hii." Naangalia. Naona kitu cha rangi ya kahawia. Namwambia naona kitu cha rangi ya kahawia. Anaondoka akiamini nimemficha.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kuingia maabara. Mwalimu mkuu wa shule moja hapa karibu aliniomba nije niwape motisha. Motisha sina. Nina habari ya maji tu, na kabla ya hiyo nina mambo kidogo ya kuwaokoa meno.

Ndiyo, meno. Sisi tulipokuwa wanafunzi tulivuta kemikali kwa mdomo. Unachukua pipeti, lile bomba jembamba la kioo lenye alama, unatia ncha kwenye chupa, unanyonya kama mtoto anayenyonya soda kwa mrija, halafu unaziba kwa kidole. Siku moja nilikuwa nimeinama nikifuatilia alama, msichana mwenzangu wa meza ya jirani akanisalimia, nami kwa adabu zangu za nyumbani nikataka kuitikia. Soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, ikajaa mdomoni. Ulimi uliteleza kama umepakwa sabuni, na kwa siku kadhaa hata mursik, yale maziwa yetu ya kibuyuni, ilikuwa haina ladha kwangu. Mwalimu wetu, Daktari Wekesa, alinisukuma hadi kwenye bomba la maji, akanishika kichwa nikasukutua mpaka akaridhika, kisha akauliza kwa upole, "Ulikuwa umefika alama gani?"

Sasa kuna kipira cha kunyonyea. Unakibonyeza, unakiachilia, kinafanya kazi ya mdomo. Na bado, miaka yangu yote ya kufundisha, sikukosa mwanafunzi aliyekiweka kando kwa sababu eti kinamchelewesha. Kinakuchelewesha kwenda wapi?

Daktari Wekesa alikuwa mtu mfupi, mkimya, na sijawahi kumwona amekasirika, jambo ambalo sikulirithi. Ukimwonyesha chupa uliyoiosha, aliijaza maji, akaimwaga, akaiinua dirishani. Kama maji yameng'ang'ania kioo kwa vitone vitone, chupa ni chafu. Kioo kisafi huteremsha maji yote kama shuka moja. Alikurudishia chupa tu. Nilirudishiwa chupa mara nyingi mpaka nikaanza kuziota. Lakini hilo la vitone lishikeni, maana hakuna mashine inayolifanya vizuri kuliko dirisha.

Sasa maji.

Miaka yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa namsimamia msichana mmoja wa shahada ya uzamili, Achieng. Alizaliwa huku huku Kericho, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba moja kubwa la chai. Babake, Mzee Ouma, alikuja kutoka upande wa ziwani akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani mpaka akastaafu, akanunua kipande cha ardhi si mbali na Sotik. Achieng alikuwa mwanafunzi wa kumfurahia. Anaosha chupa bila kuambiwa. Anaandika jina la sampuli kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Hilo nalo lishikeni: vifuniko hubadilishana, chupa hazibadilishani.

Kazi yake ilikuwa kupima zinki kwenye majani ya chai ya wakulima wadogo. Zinki ni madini ambayo mchai huyahitaji kidogo sana, lakini ukiyakosa, unadumaa. Wakulima wengine hunyunyizia zinki, wengine hawanyunyizii, na kila mtu ana sababu aliyoambiwa na shemeji yake. Achieng alizunguka mashamba upande wa Bomet na Sotik, akachuma majani, akayakausha, akayasaga. Kisha akayayeyusha kwa asidi, akayaongezea maji safi, akayapitisha kwenye mashine inayochoma ule mchanganyiko kwenye mwali wa moto na kusoma metali iliyomo.

Akaniletea tasnifu imekamilika, imechapwa, imefungwa vizuri, inangoja sahihi yangu tu ili iende kwa watahini. Hitimisho lake lilikuwa wazi: majani ya wakulima wetu yana zinki ya kutosha, tena kuzidi. Waache kununua dawa ya zinki.

Nilikuwa karibu kutia sahihi. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikafungua ukurasa wa nyuma kwa sababu ya udadisi tu, nitafute shamba la mdogo wangu Kipkoech, maana Achieng alichuma hata kwake. Nikalikuta. Kulingana na tasnifu, shamba la Kipkoech lilikuwa tajiri wa zinki.

Mimi shamba la Kipkoech nalijua. Nililipita Jumapili iliyotangulia nikienda kanisani. Majani yake machanga yalikuwa membamba, yamepinda kama mundu, yamejikusanya pamoja nchani kama ua lililokataa kufunguka. Hiyo ndiyo sura ya mchai wenye njaa ya zinki. Unaweza kubishana na profesa, lakini huwezi kubishana na jani.

Nikamwita Achieng.

"Blanki yako uliisoma lini?"

Blanki ni chupa usiyotia jani. Unatia asidi ileile na maji yaleyale, unafanya kila kitu, isipokuwa jani halimo. Mashine ikisoma zinki humo, hiyo si ya mkulima. Ni uchafu wako mwenyewe, na lazima uutoe kwenye hesabu. Nimewafundisha watu hili mpaka sauti ikaniisha.

"Nilisoma mwanzoni, Prof," akasema. "Ilikuwa safi kabisa."

"Na baadaye?"

"Gesi ya mashine ilikuwa kidogo. Tuliambiwa tuitumie kwa uchache. Sasa nikaona, kama blanki ni safi, kwa nini nichome gesi kuisoma tena?"

"Na maji yalikuwa yaleyale?"

Nikaona anavyofikiri, na nikaona mahali fikira zake zilipofika, kwa sababu aliketi bila kukaribishwa.

Mtambo wetu wa kutengeneza maji safi, ule unaochemsha maji yakawa mvuke, ukapoza mvuke ukawa maji tena, ulikuwa umeungua koili muda mfupi baada ya Achieng kuanza. Koili, ule waya wa kupashia moto, ni kitu cha kawaida. Fundi yeyote mjini Kericho angeibadilisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini sisi ni chuo kikuu. Koili iliombwa, ikaidhinishwa, ikaletwa isiyolingana, ikarudishwa, ikaombwa upya. Wakati huo wote maji yalinunuliwa kwa mitungi kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Yaliandikwa "Maji Safi ya Maabara" kwa herufi za bluu.

Tukasoma blanki ya maji ya mtungi. Kulikuwa na zinki ya kunyunyizia tarafa nzima.

Nikachukua gari, nikaenda na Achieng mpaka kwa yule mfanyabiashara. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye tumbo la mafanikio, akatukaribisha chai. Nikamwomba atuonyeshe mtambo wake. Akatupeleka nyuma ya duka. Kulikuwa na paa la mabati, mfereji wa mabati, na tangi la mabati.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

"Ni maji ya mvua, Profesa. Tunayachuja kwa kitambaa."

"Imeandikwa maji safi ya maabara."

"Si ndiyo?" akasema, na hakuwa anafanya mzaha. "Mvua ni nini? Ni mvuke uliopandishwa na jua na kupozwa na Mungu mwenyewe. Mtambo wenu unaweza kumshinda Mungu?"

Nawaambia ukweli, kikemia mtu yule hakuwa amekosea mpaka pale mvua ilipogusa paa. Bati hupakwa zinki lisishike kutu, na maji ya mvua hulilamba polepole mwaka nenda mwaka rudi. Nilijaribu kumweleza. Akaniitikia kwa heshima, akaniuliza kama chuo kitaendelea kuchukua.

Ndani ya gari Achieng alisema jambo moja tu. "Prof, sherehe ni mwezi ujao."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya. Kama nisingetia sahihi wiki ile, jina lake lisingeingia kwenye orodha ya mahafali. Na kwao walishatangaza kanisani, jamaa wa ziwani walishaalikwa, fahali alishachaguliwa.

Mkuu wa kitivo alinipigia kabla sijamaliza kikombe cha chai siku iliyofuata. Sijui ni nani aliyemwambia. Alikuwa mwenzangu wa siku nyingi, mtu mwema, aliyechoshwa na vikao.

"Chelangat," akasema, "huyu msichana amefanya kazi. Tia sahihi, watahini wa nje wataona kama kuna kasoro."

"Hawataona. Ndiyo shida yenyewe. Namba zimepangika vizuri sana."

"Basi tatizo liko wapi? Hii ni tasnifu ya uzamili, si bomu. Nani huisoma?"

"Imeandikwa wakulima waache zinki."

"Wakulima hawasomi tasnifu."

"Afisa wa kilimo husoma hitimisho. Anasoma ukurasa mmoja, anapanda pikipiki, anakwenda kuwaambia. Kipkoech hatanyunyizia kamwe na ataniletea mimi yale majani yaliyopinda."

"Unajua watasema nini? Watasema ni kwa sababu yeye si wa hapa."

Hilo liliniuma kwa sababu nilijua ni kweli watasema. Mimi Mkipsigis, yeye mtoto wa watu wa ziwani, na huku kwetu watu hawahitaji kuni nyingi kuwasha moto wa namna hiyo. Sikulala vizuri kwa sababu ya sentensi ile. Lakini zinki haina kabila, na sikutia sahihi.

Mzee Ouma alikuja nyumbani kwangu mwenyewe, Jumamosi asubuhi, amevaa koti na kofia. Nilikuwa nakamua. Alingoja nimalize, akakataa kiti cha ndani, akaketi kwenye benchi pale nje ya jikoni. Nikamletea chai. Aliishika bila kuinywa.

"Mwalimu," akasema, maana yeye hakuniita Profesa, "nimekuja kuuliza, mtoto wangu ameiba?"

"Hapana, Mzee. Hajaiba."

"Amedanganya?"

"Hapana."

"Amefeli?"

"Bado hajafanya mtihani wa kufeli."

"Basi amefanya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa sababu kueleza ndiyo kazi yangu. Maji, bati, zinki, blanki. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni makosa ya muuza maji," akasema.

"Ndiyo."

"Na ya chuo, kwa kutotengeneza mashine."

"Ndiyo. Na yangu pia, kwa kutouliza maji yanatoka wapi."

"Na anayelipa ni mtoto wangu."

Nilimwambia kwamba majani aliyochuma Achieng yote yapo, ameyahifadhi yaliyosagwa kwenye chupa, kwa hiyo hatarudi mashambani. Atarudia kuyeyusha na kusoma tu. Miezi kadhaa, si miaka. Akasimama, akaweka kikombe chini.

"Fahali hatangoja miezi," akasema. "Watu wamealikwa. Tutafanya sherehe yetu. Na wewe njoo, kwa sababu jina lako tayari liko kwenye programu."

Mnaona kile nilichoishi nacho? Wakafanya sherehe ya mahafali ambayo hayakuwepo. Na nikaenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kutangaza vita. Hema lilisimamishwa, viti vya plastiki vikapangwa, keki ikapambwa kwa kofia nyeusi ya sukari juu yake. Kulikuwa na bango lenye picha ya Achieng amevaa joho la kuazima. Shangazi zake kutoka ziwani waliimba tangu barabarani. Nikakalishwa meza ya mbele karibu na mchungaji, ambaye aliniuliza taratibu kama ninaweza kupima mvinyo wa meza ya Bwana, maana una ladha ya ajabu siku hizi.

Achieng alikuwa amekaa mbele na mama yake, uso ameukunja. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya gari. Nilidhani ananichukia, na sikumlaumu.

Mchungaji akasimama, akaomba, kisha akasema sasa tunamwita Profesa aseme neno juu ya msomi wetu. Watu wakapiga makofi. Mzee Ouma alikuwa ananiangalia moja kwa moja. Nikaanza kuinuka bila kujua nitakachosema. Nikisema ukweli, naharibu siku ya watu. Nikisema hongera, basi natia sahihi kwa mdomo kile nilichokataa kutia kwa kalamu.

Achieng akasimama kabla yangu.

"Samahani, Mchungaji," akasema. "Acha nianze mimi."

Akachukua kipaza sauti.

"Mimi sijamaliza," akasema. "Nilipima majani kwa maji ambayo hayakuwa safi. Sikujua. Lakini namba zangu si za kweli, na kama ningeziacha, mngeambiwa mambo ya uongo juu ya mashamba. Jumatatu narudi maabara. Asanteni kwa kuja. Mle mshibe, kwa sababu fahali yeye ameshamaliza."

Mtoto mmoja akaangusha soda. Shangazi mmoja mzee, aliyekuwa ameimba kuliko wote, akauliza kwa sauti, "Anasemaje?" Jirani yake akamwambia sikioni. Yule shangazi akafikiri, akaangalia lile bango, akaangalia ile keki.

"Basi tutakuja tena," akasema.

Watu wakacheka, kicheko cha kutua mzigo, na chakula kikaanza kupakuliwa. Mzee Ouma hakucheka. Lakini alipomaliza kuwahudumia wazee, alikuja mezani kwangu na sahani ya nyama, akaniwekea mbele yangu mwenyewe. Nilikula yote, na mimi huwa sili nyama nyingi.

Sasa tulihitaji maji. Koili, mnadhani ilikuwa imefika? Ilikuwa imefika, ndiyo, lakini aliyepaswa kuithibitisha alikuwa likizoni. Niliposikia hilo nilifungua kabati langu, nikatoa mtambo wa kioo niliokuwa nao tangu ujana, nikaupeleka nyumbani, nikaufunga jikoni juu ya jiko la gesi.

Hapa sikilizeni, kwa sababu ni kazi ya mikono. Tumieni mtambo wa kioo wenye viungo vya kioo. Msizibe kwa kizibo cha mpira, kwa maana mpira nao una zinki, na mtarudi kulekule. Yale matone ya kwanza mwageni, hubeba vumbi na uvivu wa chombo. Ya mwisho msiyasubiri, acheni maji kidogo chini, kwa kuwa uchafu wote hubaki hapo. Chupa ya kupokea ioshwe kwa asidi kisha kwa yale yale maji mnayoyatengeneza. Na msiondoke. Maji yakichemka mkaenda kufunga ndama, mtapata kioo kilichopasuka. Nimepata.

Achieng alikuwa akija asubuhi, tunakaa jikoni tukiangalia tone likidondoka baada ya tone. Mwanzoni hatukuzungumza sana. Siku ya pili au ya tatu akaniambia, "Prof, nilikuwa nimekukasirikia." Nikamwambia najua. Akasema, "Bado, kidogo." Nikamwambia ajaze maji ya kupoza. Tukaendelea.

Siku moja tumekaa hivyo, chifu akaingia uani na wasaidizi wake wawili. Wasaidizi walikuwa na fimbo. Chifu mwenyewe alikuwa na aibu.

"Chamgei, Profesa."

"Chamgei mising, Chifu. Karibu."

Hakukaa. Alikuwa anaangalia kupitia mlango wa jikoni: moto, chungu cha kioo, bomba lililopinda, chupa inayopokea.

"Profesa, nina heshima na wewe," akasema. "Lakini watu wamekuja ofisini. Wanasema unapika."

"Napika nini?"

Akatazama chini. "Sasa wewe unajua kinachopikwa na bomba la namna hiyo."

Nilikuwa mwanamke aliyepita umri wa makamo, mzee wa kanisa, na katika uzee wangu nilikuwa nashukiwa kupika chang'aa, ile pombe haramu ya kienyeji, pamoja na mwanafunzi wangu. Achieng alikuwa ameuma kitambaa asicheke, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikaribia kucheka tangu siku ile ya duka. Nikamimina kidogo kwenye kikombe nikampa Chifu.

Alinusa. Akanusa tena. Akatia mdomoni, akafunga macho, akangoja imchome koo. Wasaidizi wakangoja naye.

"Hii haina kitu," akasema mwishowe, karibu kwa malalamiko.

"Ndiyo, Chifu. Nimekaa jikoni tangu asubuhi ili isiwe na kitu."

"Haina hata ladha ya maji."

"Ladha ya maji ni uchafu."

Akanirudishia kikombe. Aliponiaga alinishauri, kwa nia njema, nifunge dirisha la upande wa barabara. Najua mpaka leo kuna watu wa hapa wanaoamini kwamba siku ile Chifu alinywa na kupewa chupa ya kubeba.

Rafiki yangu anayefundisha chuo kingine alitupa nafasi kwenye mashine yake. Achieng alisoma blanki mwanzo, akasoma katikati, akasoma mwisho, na kila baada ya chupa chache akaisoma tena mpaka mwenye gesi akaanza kukohoa. Sikumwambia. Alifanya mwenyewe. Zinki ilikuwa imeshuka kama mtu aliyevuliwa koti la kuazima. Mashamba mengi yalikuwa na njaa, na la Kipkoech lilikuwa karibu na mwisho wa orodha. Nilipompelekea Kipkoech habari hizo akasema yeye alijua siku nyingi. Nikamwuliza mbona hukusema. Akasema hakuna aliyemwuliza. Hao ndio ndugu zangu.

Achieng akaiandika tasnifu upya, nikaisoma neno kwa neno, nikatia sahihi.

Siku ya utetezi Mzee Ouma alikuja na lile koti lake, akaketi kwenye benchi la korido. Mimi niliruhusiwa kuketi ndani, nyuma, bila kusema. Achieng alieleza vizuri. Akaeleza hata habari ya bati, bila kumlaumu mtu. Kisha mtahini wa nje, mwanamume mkali mwenye miwani ya kusukuma sukuma, akamwuliza: je, hii njaa ya zinki inatokana na udongo wenyewe, au na mbolea wanayotumia wakulima?

Ninyi mnaosoma sasa, mnajua mwanafunzi hufanya nini akiulizwa asichokijua. Huzungumza. Hutoa maneno mazito, huzunguka kilima, husema "kama tulivyoona hapo awali." Nilikaa kwenye vyumba vya namna hiyo miaka yangu yote nikisikia watoto wenye akili wakijaza hewa maneno, na kila mara nilitamani kutupa kitu. Sisi ndio tuliowafunza hivyo. Tulikuwa tunatoa alama kwa kelele.

Achieng alimtazama yule mtahini.

"Sijui," akasema. "Hilo sikulipima."

Alikuwa hajatafuta msaada kwa macho, hajainamisha kichwa, hajaongeza neno. Mtahini akasukuma miwani, akaandika kitu, akasema, "Haya. Tuendelee."

Nikainuka nikatoka nje, nikijifanya nimepigiwa simu.

Mzee Ouma akasimama kwenye benchi mara aliponiona. "Ameanguka?"

"Hapana, Mzee. Amepita. Hawajasema, lakini amepita."

Akaniangalia usoni kwa makini. "Basi mbona unalia, Mwalimu?"

"Silii. Ni moshi wa asidi."

Akageuza kichwa, akaangalia korido nzima, milango ya ofisi, mbao za matangazo, karani aliyekuwa akipita na faili.

"Hapa hakuna asidi," akasema. Akasogea kwenye benchi, akanifutia nafasi kwa kofia yake. "Kaa."